Kizibo cha Filimbi

Kuna noti moja ya filimbi ambayo sisi wapigaji tunaiita Mama Mkwe. Vidole karibu vyote viko hewani, huna pa kushikia, na ukikosea midomo kidogo tu inapanda na kukuaibisha mbele za watu. Miaka ishirini na mitatu tuliishi kwa heshima, mimi na yeye. Wiki hii akanigeuka.

"Inapaa," kiongozi wa bendi aliniambia Jumatatu. Jumanne akarudia. Jumatano hakusema kitu, alinitazama tu, na hapo ndipo aliponikata maini. Alhamisi akatangaza kwamba kesho yake angetusikiliza wapiga filimbi mmoja mmoja, na mwenye kiti cha kwanza asidhani amekizaa.

Kukosa kiti changu ningekumeza. Nilichoogopa ni masikio. Noti ile niliisikia ikipaa, lakini nikiishusha, za juu yake zinaharibika, mpaka sikujua tena niamini nini. Baba yangu alikuwa fundi wa piano, na alipofika hamsini na moja, umri wangu wa sasa, sauti zilianza kumpotea masikioni. Tukawa tunampigia kelele, halafu tukachoka, halafu tukaacha kumsemesha. Nami nilikuwamo, Mungu anisamehe. Mume wangu sikumwambia neno.

Ijumaa niliwahi chumba cha mazoezi kabla ya watu. Nikainamisha kidevu, nikapunguza pumzi, nikajaribu kila ninachokijua. Wapi! Akaingia Chiriku, mpiga filimbi wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kituo, na ndiye angekalia kiti changu.

"Dada, hebu nipe yako."

"Ya nini? Yako imekufa?"

"Nipe bwana, acha uchoyo."

Akapiga noti ile. Ikapaa. Akarudia, ikapaa vilevile. Nikachukua filimbi yake nikapiga, na Mama Mkwe akatulia mahali pake, nikamsikia kabisa ametulia.

"Si wewe," Chiriku akasema. "Ni hili lidude lako."

Akaingiza kijiti cha kupimia. Kizibo cha ndani, kinachoshikana na kifuniko cha kichwa cha filimbi, kilikuwa kimesukumwa ndani upana wa ukucha mzima. Nilikaa sakafuni nikalia. Chiriku, maskini, akadhani nalilia kizibo.

Tulikirudisha. Kiongozi alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anaosha vyombo.

"Umeshika filimbi yangu?"

"Niliing'arisha Jumapili. Kile kifuniko cha mwisho kilikuwa kinacheza, nikakisukuma ndani vizuri. Haikuwaka?"

"Iliwaka. Nusura iniunguze."

Nikamweleza yote: kiongozi, masikio, baba. Alisimama na sahani mkononi, maji yanamchuruzika hadi kiwikoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kunipigia kelele. Kisha ungechoka."

Alinipa mgongo, akafungua bomba mpaka mwisho, akaendelea kuosha. Kisha, katikati ya kelele za maji na vijiko, akazinong'oneza sahani:

"Ningejifunza kuongea kwa mikono."

"Nimesikia," nikamwambia.