Kiti cha Nyuma

Mama Anab anasema Jumamosi hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, alikuwa anaanika nguo wakati mume wangu Mulama alipoingiza gari lake ndani ya ploti. Anasema Mulama alishuka, akafunga milango, akapita mbele yake na ufunguo mkononi, akamsalimia vizuri tu na kuingia nyumbani. Gari likabaki likinguruma. Mtu hayumo, ufunguo haumo. Mama Anab anasema shuka ilimponyoka ikaanguka kwenye matope, akaanza kusoma Ayatul Kursi, na alipofika mwisho gari likanyamaza.

"Wallahi, ilininyamazia mimi," aliwaambia wanawake kwenye mfereji wa maji. "Muhonja, mwambie bwanako hiyo gari iko na mwenyewe, na si yeye."

Sikubishana naye. Mambo yote aliyoyaona yalikuwa kweli, isipokuwa jini.

Gari la Mulama ni Subaru ya zamani yenye turbo. Ameliteremsha mpaka karibu lilambe lami, na egzosi yake, lile bomba la moshi, tunaisikia likiwa bado kule kwa muuza makaa. Turbo ikikimbizwa inapata moto sana, na ukizima injini ghafla, oili inaungua ndani na turbo inakufa. Lazima uliache gari lingurume polepole mpaka ipoe. Kwa hivyo Mulama alikuwa amefunga taima, kidude kinachoiacha injini iendelee hata ufunguo ukitolewa, halafu kinaizima chenyewe.

Mama Anab alipeleka maneno kwa Bi Filsan, mwenye ploti. Bi Filsan alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mimi jini siogopi," alimwambia Mulama. "Naogopa moto. Gari ikinguruma kwangu, mtu akae ndani."

"Sawa, Mama."

Mulama akaitoa taima. Tangu siku hiyo, akirudi hukaa ndani ya gari mpaka lipoe. Mimi nilifurahi. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ni kutengeneza na kufunga shata, milango ya chuma ya maduka huku Eastleigh, na siku nzima vyuma vinampigia kelele masikioni. Akiingia nyumbani anakula, anasema asante, basi. Lakini ndani ya gari anaongea. Nikisikia egzosi kwa muuza makaa naepua sufuria, natoka, naketi kando yake. Hapo ndipo nilipojua kuwa aliwahi kutaka kuwa dereva wa treni, na kuwa anaogopa mbwa.

Jumapili asubuhi hunipeleka kwenye barabara ya Bypass. Hunitazama na kusema, "Shika kitu," halafu nahisi kama mtu amenivuta nguo kutoka nyuma, na Mulama anacheka. Ni kicheko ambacho sijakisikia mahali pengine popote.

Tabu za gari hilo nazo nazijua. Mafuta si ya kituo chochote, ni ya kituo kimoja tu. Polisi wanaisikia egzosi kabla hawajaliona gari. Tuta la langoni ni refu, kwa hivyo kila tukitoka au tukiingia lazima nishuke, gari lipande taratibu likiwa jepesi, kisha nipande tena.

"Muhonja, umefukuzwa tena?" watu huniuliza.

"Nimefukuzwa," nawajibu. "Ngojeni mwone vile nitarudishwa."

Kiti cha nyuma alikitoa zamani, pia kwa ajili ya wepesi. Hicho ndicho kochi letu. Tumekiweka juu ya kreti za soda, na wageni wakikikalia huegemea nyuma kama watu walio safarini, wakauliza mbona kimeinama hivi.

Nina binti, Norah, niliyemzaa kabla sijajuana na Mulama. Anaishi kwetu Mbale kwa mama yangu. Mulama aliponioa alijua. Alisema, "Tutaona." Nikalichukua neno hilo nikaliweka. Sikulisukuma, kwa sababu naona mtu akisukumwa hujibu haraka, na jibu la haraka mara nyingi ni hapana.

Jumanne moja mama alinipigia simu.

"Muhonja, macho yameniacha. Jana nimemwekea mtoto chumvi kwa chai, akainywa, hakusema. Shule ikifunga umchukue."

Siku iliyofuata, Austine akaja kututembelea. Ni rafiki wa Mulama kutoka Umoja, ana gari kama hilohilo, ila ana watoto watatu na kiti chake cha nyuma wamekirarua. Alilikalia kochi letu, akarukaruka juu yake kulipima.

"Shemeji, Jumamosi nakuja kuwaondolea hii kitu."

"Na sisi tukalie nini?"

"Nawaletea rimu nne za magurudumu! Kalia moja, ingine weka miguu."

Mulama akatabasamu. Nikajua wameshaelewana kubadilishana. Kesho yake asubuhi alikifunika kile kiti kwa nailoni ili kisichafuke kabla ya kwenda. Nilikuwa nakunja nguo huku namtazama. Niliona kuwa kiti hicho kikitoka mlangoni, lile neno lake, "Tutaona," litakuwa limepata jibu, na hakuna mtu atakayekuwa amelisema.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, nikaisikia egzosi. Nikaepua sufuria. Nilimfuata kwa macho pale langoni mpaka akalivuka tuta, nikaenda nikafungua mlango, nikaketi. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Mulama alianza kunieleza habari ya shata moja iliyokwama, mwenye duka akiwa ndani. Nilimwacha amalize. Nikafungua mdomo, na Mama Anab akainama dirishani.

"Salaam aleikum. Leo jini ni wawili?"

"Aleikum salaam, Mama Anab. Karibu, uwe wa tatu," Mulama akamwambia.

"Niingie wapi?" Aliingiza kichwa akatazama nyuma. Kulikuwa na bati tupu, jeki na mkebe wa oili. "Gari kubwa hivi na haina pahali ya mtu. Hapo jini peke yake ndiye anatosha."

Akaenda zake mferejini na ndoo, akicheka peke yake.

"Mama yangu haoni tena," nikasema.

"Nilisikia mkiongea."

"Shule zikifunga, nataka Norah aje akae na sisi."

Mulama alipangusa vumbi kwenye dashibodi kwa kidole gumba, kutoka upande wake mpaka karibu na wangu.

"Tutamleta na nini, Muhonja? Hii ni gari ya watu wawili."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha.

"Rudisha kiti cha nyuma," nikamwambia.

Akaitazama geji ya joto. Sindano ilikuwa imeshuka kitambo, iko pale pale ambapo kila siku huzima injini. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, lakini hakuuzungusha. Kule mferejini ndoo ya Mama Anab ilijaa ikaanza kumwagika, naye amegeuka anatutazama. Gari likaendelea kunguruma.