Chupa za Alhamisi

Makadirio hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wapakiaji wa ghala, kwa sababu kwake hakukuwa na swali lisilojibika kwa namba. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atafungua daftari lake, atafunua kurasa tatu, kisha akutajie hata saa. Mvua ilimwaibisha mara nyingi, naye alishikilia kwamba mwenye kosa ni mvua.

Ghala lilikuwa la shemeji yake, mjane wa kaka yake, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika kabla yake. Lililisha vyombo vya nyumbani maduka mawili: la juu liliendeshwa na mwanawe wa kiume, la chini na binti yake. Kila Ijumaa shemeji alikagua duka moja, wiki hii la juu, wiki ijayo la chini. Akikuta rafu tupu, alimuuliza mwenye duka mbele ya wateja kama anauza vyombo au anauza hewa. Hakuna aliyetaka kuulizwa hivyo mara mbili.

Makadirio naye alikuwa na kesi yake. Mwaka uliopita aliagiza ndoo nyingi mno, na mpaka sasa kila mfanyakazi wa ghala alikuwa anakalia ndoo yake. Shemeji alimwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba akikosea tena ufunguo wa ghala utapata mtu mwingine, naye aende nyumbani kupumzika. Alikuwa ameushika ufunguo ule miaka ishirini na miwili. Mke wake alishamwonya kwamba mwanamume anayeshinda nyumbani ni mzigo usio na pa kuutua. Kwa hiyo hata huko kupumzika kusingekuwa na mapumziko.

Basi siku moja, akipitia karatasi za mauzo, akaigundua Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri ziliuzwa chupa za chai kumi na mbili. Wiki hii duka la juu, kumi na mbili. Wiki iliyofuata duka la chini, kumi na mbili. Miezi mitatu mfululizo, haizidi wala haipungui. Makadirio alitikisa kichwa kwa furaha, maana katika maisha yake hakuwahi kukutana na soko lenye adabu kiasi kile.

Akawaeleza wapakiaji kwamba watu hupata wageni mwisho wa wiki, na mgeni ni chai, kwa hiyo Alhamisi ni siku ya kujiandaa. Mpakiaji mmoja akasema yeye ana miezi mitatu hajapakia chupa hata moja, kwani ghalani zilikwisha zamani. Sasa hizo zinazouzwa zinatoka wapi? Makadirio akamjibu kwamba kazi ya bega ni kubeba.

Akapiga hesabu ya mpaka mwisho wa mwaka. Ikatoka mia mbili. Akaitazama ile mia mbili, akamfikiria shemeji amesimama mbele ya rafu tupu, akaandika mia sita.

Lori lilipoleta mzigo, chupa zilijaa ghalani mpaka nyingine zikalala chooni kwa walinzi. Akapeleka mia moja kila duka, akaisubiri Alhamisi kama mtu anayesubiri wakwe. Duka la juu halikuuza hata moja. Alhamisi ya pili, duka la chini nalo vivyo hivyo. Ya tatu alishindwa kula.

Akashuka duka la chini, akaanza kugeuza chupa moja moja. Nyuma ya zile mpya akakuta za zamani, kumi na mbili. Moja ilikuwa na stika ya bei ya kijani, rangi ya duka lile. Akaibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na ya njano, rangi ya duka la juu. Akabandua, kijani. Akabandua, njano. Alipofika ya saba akahitaji kiti.

"Baba mdogo, usimwambie mama," binti akasema.

Akaeleza yote. Mara ya kwanza chupa zilikuwa zimemwishia kweli, na ukaguzi ulikuwa kesho yake, basi akamtuma mfagiaji akazinunue kwa kaka yake kama mteja. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kaka kukaguliwa, na rafu yake ilikuwa nyeupe, naye akamtuma mtu wake akanunue chini. Kila mmoja alijiona mjanja kuliko mwenzake. Katika miezi mitatu ile hakuna mteja wa kweli hata mmoja aliyenunua chupa.

Makadirio alitamani kulia. Kisha akasema mficha uchi hazai, akawakusanya wote wawili, wakaenda kwa shemeji. Akauweka ufunguo mezani, akasimulia bila kuruka kitu.

Shemeji aliusogeza ufunguo pembeni. "Hesabu yako ilisema ngapi?"

"Mia mbili."

"Na hizi mia nne?"

"Hizo ni zako, shemeji. Nikikufikiria tu, naongeza."

Akawageukia wanawe. Walikuwa wanatazama sakafu, watu wazima wenye watoto wao.

"Kwa nini hamkuniambia tu kwamba zimekwisha?"

Binti akamtazama kaka yake. Kaka mtu ndiye aliyejibu. "Baba tulikuwa tunamwambia."

Neno lile lilimchoma shemeji, na safari hii hakuficha uchungu wake. Alikaa, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, na Makadirio akaona huruma ambayo hakuwahi kudhani angemwonea mwanamke yule.

"Shemeji, ufunguo rudisha mfukoni," yule mwanamke akamwambia mwishowe. Akavuta karatasi na kalamu. "Haya. Ghalani kwako, sasa hivi, ni nini kimekwisha?"

Makadirio hakuwahi kuulizwa hivyo. "Mifagio," akasema. "Tangu mwezi uliopita."

Shemeji alifumba macho. Kila mtu mle ndani alisubiri ile sauti. Akafumbua, akaandika mifagio.

"Endelea," akasema.