Sahani Nyuma ya Maboksi

Kwa kuwa mgonjwa alikuwa binti yangu, mkuu wa maabara alinikataza kugusa chanjo yake. Sikuwa na kinyongo. Upimaji alipewa mdogo wangu, niliyemfundisha kazi mwenyewe, na ambaye mtoto anampenda kuliko mimi, kisa anamwachia simu achezee.

Bakteria wetu tumewalemaza makusudi. Wanabeba vinasaba vya kuufundisha mwili kuutambua uvimbe, wanafikisha mzigo, wanakufa, maana hawawezi kuishi bila kirutubisho tunachowapa sisi. Kwa hiyo kila toleo la chanjo hupimwa kwenye sahani ya kuoteshea isiyo na kirutubisho hicho, siku tatu kamili. Kikiota hata kidoa kimoja, wamerudiwa na nguvu, na chupa zote zinamwagwa. Kutengeneza nyingine ni miezi minne. Binti yangu, na uvimbe wake juu ya figo, daktari alimkadiria miwili.

Fomu ilisema hakuna kilichoota. Jumatatu binti yangu akainywa chanjo, akakunja uso, akadai peremende.

Alhamisi nikawa nasafisha friji. Nyuma ya maboksi nikakuta sahani imefungwa kwa utepe, na mwandiko wa mdogo wangu juu yake. Vidoa saba. Nilivihesabu mara tatu kama mjinga.

Niliiweka mbele yake. Hakukana. Alisema siku ya pili sahani ilikuwa safi, akajaza fomu bila kungoja ya tatu. Ya tatu alipoona vidoa, akashindwa kuitupa, akashindwa na kuniambia.

"Ningekwambia, dada, ungekubali zimwagwe?"

"Hukuniuliza."

"Nilitaka apone."

"Na mimi nilitaka nini?"

Ningemzaba kofi, lakini daktari alinipigia simu. Wodini mtoto alikuwa anachemka tangu asubuhi, na daktari alidhani ni homa ya kawaida ya chanjo, tungoje. Nilimweleza nilichokiona. Akaniuliza kama najua kwamba antibiotiki itawaua bakteria wote, na chanjo ndiyo basi tena. Nikamwambia ampe. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo linanitisha mpaka leo.

Nilimkuta binti yangu na dripu mkononi, midomo imemkauka. Aliuliza kama mama mdogo anakuja, maana ndiye aliyemwahidi kwamba mwezi ujao atarudi shule. Nikamwambia yuko kazini.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, analia. Nikanyanyuka, nikaufunga mlango.