Hamsini na Nane ya Kule

Theluji ilikuwa ikipanda. Kwenye ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Parkdale, Toronto, upepo wa ziwani ukijibana katikati ya majengo mawili huigeuza theluji njia, ikawa inapaa taratibu mbele ya dirisha kama manyoya yanayomrudia ndege wake. Nilikuwa nikiitazama theluji hiyo huku binti yangu akisoma karatasi yangu ya matokeo, wala sikuhitaji kugeuka ili nijue uso wake umekuwaje.

"Hamsini na nane," alisema hatimaye. "Kwa mia?"

"Kwa mia."

Joyeuse alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Mimi nilimsemesha Kiswahili, yeye alinijibu Kiingereza. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo, kila mmoja upande wake wa barabara, tukisikilizana vizuri tu. Maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyavika Kiswahili mwenyewe.

Jioni hiyo tulikuwa tukipanga orodha mbili za vyuo kwenye meza moja. Yake, kwa kuwa umri wake ulikuwa umefika. Yangu, kwa kuwa wangu ulikuwa unapita. Kwa miaka tisa nilikuwa nimewaogesha wazee, nikawalisha na kuwageuza vitandani katika nyumba ya wazee karibu na kwetu, na kila muuguzi alipoingia na dawa zake nilisogea pembeni nikijua jina la kila kidonge na kazi yake. Mwaka huo nilifikisha arobaini na tatu. Nikasema, nitajaribu.

Mshauri wa masomo shuleni kwake, Bi Kimberly, alikuwa amemfundisha kuchora rafu tatu. Rafu ya juu, vyuo vinavyotaka alama kubwa kuliko zako. Ya katikati, vyuo vya watu wenye alama kama zako. Ya chini, vile visivyoweza kukukataa. Ukiweka kidogo kila rafu, hutalala nje. Nilipenda wazo hilo. Lilinikumbusha kabati la vyombo la mama yangu kule Uvira, sahani za wageni juu, sufuria nyeusi chini.

Joyeuse alichukua hamsini na nane yangu ya mtihani wa taifa wa Kongo, akachukua sabini na nne niliyoipata kwenye mtihani wa kuingilia wanaopewa watu wazima hapa, akajumlisha, akagawa kwa mbili. Sitini na sita. Akaiandika pembeni, ndogo, kama mtu anayeandika jina la ugonjwa. Kisha akajaza rafu ya chini peke yake: kozi tatu katika vyuo vitatu, zote za kuhudumia wazee. Kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku.

"Hizi ni za uhakika, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa laini mno. Ile sauti naijua. Ni ile ninayotumia mimi kwa mzee aliyesahau kwamba mke wake amekufa.

Nilikusanya vikombe vilivyokuwa mezani.

Ningesema nini? Kila mzazi wa kwetu aliyeko Toronto alikuwa wa kwanza darasani. Watoto wamezisikia hadithi hizo mpaka masikio yameota sugu. Ningemwambia kwamba walimu wa kule hawagawi alama kama peremende? Kwamba tuliketi kwa mtihani arobaini na mmoja kwenye tawi la biolojia na kemia, wakafaulu kumi na sita? Matokeo yalisomwa redioni. Baba aliiweka redio juu ya kigoda uani, majirani wakaizunguka, na sauti ya mtangazaji ilikuja na kuondoka kama mtu anayesoma huku akioga mtoni. Jina langu lilipopita, mama alinimwagia poda kichwani, kopo zima, ndivyo mshindi anavyopambwa kwetu. Nilitembea mtaa mzima nikiwa mweupe kama mzimu, watoto wakinifuata wakiimba. Wiki iliyofuata risasi zilianza kusikika mlimani, na sisi tukavuka mpaka na kile tulichoweza kubeba. Miaka kumi na mitatu kambini Kigoma ilifuata. Huko ndiko alikozaliwa Joyeuse, huko ndiko alikozikwa baba yake. Alama zangu zilikaa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo. Sikuwahi kuzitumia hata mara moja.

Kwa hiyo nilienda kuchemsha chai.

Jumapili ya pili baada ya hapo tulikuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, misa imekwisha, watu wanakunywa chai kwa maandazi. Nilimwomba Prefe Hyacinthe anisomee tafsiri ya cheti changu kabla sijaituma. Tunamwita Prefe kwa sababu kule Bukavu aliongoza shule ya sekondari. Hapa anapanga mikate kwenye masanduku kiwandani, lakini cheo hakijamtoka, anakivaa kama tai. Joyeuse alimpa karatasi zote kwa pamoja, na orodha ikiwa juu.

Prefe alisoma kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia yake.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama," Joyeuse alisema.

"Mama Joyeuse," akaniambia, "mwaka gani?" Nikamtajia mwaka. Akafumba macho kama mtu anayehesabu makaburi. "Mwaka ule, shuleni kwangu kote, aliyetushinda wote alipata hamsini na tano. Leo ni daktari wa upasuaji." Alitazama tena karatasi, na kidole chake kikasimama pembeni, pale palipoandikwa kwa udogo. "Na sitini na sita hii imetoka wapi?"

Joyeuse akamweleza alivyofanya, kujumlisha na kugawa.

Prefe hakucheka. "Mtoto wangu," alisema taratibu, "umejumlisha faranga na dola."

Akatuambia kuna ofisi zinazopima alama za nchi za nje na kuziandika upya kwa kipimo cha hapa, na kwamba tusitume chochote kabla ya kupima. Kisha akavaa kofia yake na kwenda kuchukua andazi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Joyeuse alitembea hatua mbili mbele yangu mpaka tulipoingia kwenye lifti na mlango ukajifunga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinihurumia tu."

Namba za ghorofa ziliwaka moja baada ya nyingine juu ya vichwa vyetu. Alipogeuka, nilidhani anataka kujibu. Kumbe alikuwa anaficha machozi. Nilijutia maneno yangu, lakini sikuyarudisha. Yalikuwa ya kweli.

Ofisi tuliyoipelekea cheti ilichukua wiki sita. Jibu lilipokuja, hamsini na nane yangu ilikuwa imegeuka herufi: B, na alama ya kujumlisha ubavuni. Joyeuse aliiweka mezani, akachora rafu upya, akaniuliza ninataka nini hasa, kweli kweli. Nikasema shahada ya uuguzi, miaka minne. Aliandika kwenye rafu ya juu bila kubisha. Katikati akaweka stashahada ya miaka miwili. Chini akaacha kozi moja kati ya zile tatu.

Hapo ndipo nilipoiangalia orodha yake mwenyewe. Alikuwa na wastani wa themanini na nane, na alikuwa amejaza vyuo vitatu, vyote vya uhandisi wa kompyuta, vyote vinavyotaka tisini na kitu. Rafu mbili za chini zilikuwa tupu kama barabara ya Januari.

"Bi Kimberly amesema nini?"

"Amesema niongeze."

"Na wewe?"

"Nikiandika vya chini, nitakuwa nimekwisha kukubali kushindwa."

Nilijua anachosema. Nilikuwa nimekaa muda mrefu kambini, mahali ambapo watu walikubali. Lakini nilijua pia maana ya kulala nje.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi nimeandika kimoja cha juu kinachonitia hofu. Wewe andika kimoja cha chini kinachokutia aibu. Tuwe sawa."

Aliguna, akaguna tena, kisha akaandika chuo kimoja cha Sudbury, safari ya saa tano kwa basi kuelekea kaskazini, mji ambao aliujua kwa jina tu. Aliandika kwa haraka, kwa mwandiko mbaya, ili chuo chenyewe kielewe kwamba hakitakiwi.

Kisha tukangoja. Majira yale nayakumbuka kama usingizi wa mchana, ule unaosikia ndani yake watu wakitembea jikoni. Ukungu ulitoka ziwani ukameza majengo kuanzia chini, ghorofa kwa ghorofa, mpaka tukabaki tunaelea. Majibu yote yalikuwa yaje kwenye barua pepe ya Joyeuse, maana mimi sikuwa na yangu. Machi chuo chake cha kwanza kikamkataa. Aprili cha pili. Alikuwa akiniambia akiwa amesimama mlangoni, koti halijavuliwa, kisha anaingia chumbani. Sikumfuata. Nilimwachia sahani nje ya mlango, na asubuhi niliikuta imeoshwa.

Jumamosi moja ya mwisho wa Aprili tulikuwa kwenye tramu, ile treni ndogo ya barabarani, tunaelekea mashariki kununua dagaa na unga. Mvua ilipiga vioo, na taa za maduka zilitiririka juu yake zikichanganyika rangi. Joyeuse alikuwa akichora mstari kwenye mvuke wa kioo, akiufuta, akiuchora tena.

"Mama, umekubaliwa."

Sikuelewa. Nilidhani anasema juu ya mtu mwingine.

"Kile cha juu. Shahada. Walituma Jumatatu."

Jumatatu. Nilihesabu siku: nilikuwa nimeamka mara tano, nimeogesha watu, nimepika, na muda wote huo nilikuwa nimekubaliwa bila kujua. Hasira ilinipanda.

"Kwa nini, Joyeuse?"

"Jumatatu hiyohiyo cha tatu kilinikataa." Bado alikuwa anatazama kioo. "Nilitaka nipate kimoja changu kwanza, ndipo nikuambie. Tufurahi pamoja. Nikangoja, labda wabadili nia. Hakikuja kitu."

Tramu ilisimama kwenye kituo chetu. Milango ikafunguka, baridi ikaingia, milango ikafungwa. Hatukuinuka.

Hasira ilinishuka kama maji ya moto yanavyopoa, bila kukuambia saa ngapi. Nilimtazama mtoto huyu aliyebeba furaha yangu siku tano peke yake, ikamwelemea, asiweze kuitua. Nilishika mkono wake. Ulikuwa umelowa kwa mvuke wa kioo.

"Na Sudbury?"

"Hicho kilijibu tangu Februari. Wamenikubali, na wananipa msaada wa karo." Akainua bega. "Sikukihesabu."

"Basi kihesabu."

Alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio, na mama mmoja wa Kitibeti kwenye kiti cha mbele akatupatia karatasi laini bila kugeuka. Tulikwenda mpaka mwisho wa reli. Dereva alitutazama kwenye kioo chake, akatuacha tukae, akazungusha tramu kwenye mzunguko wa reli katikati ya miti, tukaanza kurudi.

Septemba Joyeuse alipanda basi la asubuhi la Sudbury. Tulikuwa tumegombana juu ya mablanketi, moja au mawili, na alikuwa amechukua moja. Hakulia, akanikataza nisilie, akaketi upande ambao sikuweza kumwona. Nilisimama mpaka basi likakunja kona, halafu nikasimama tena kidogo. Kisha nikatazama saa, nikaanza kukimbia.

Nilifika darasani nimechelewa dakika kumi na mbili. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliondoa mkoba wake kwenye kiti haraka, akanyooka, na nikaona anadhani mimi ndiye mwalimu. Nikamwonyesha kwa kidole mwanamke aliyekuwa mbele, ubaoni. Akatabasamu, akanisogezea kitabu chake tusome pamoja.

Siku hiyo walikuwa wanafundisha moyo. Vyumba vinne, mwalimu alisema, na milango inayofunguka upande mmoja tu. Nikatoa kalamu.