Mama wa Sura ya Tano

Jumatatu asubuhi Papa Zagabe alifungua ofisi yake ya kuchapisha vitabu, pale mtaa wa Muhumba, akamkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la wageni, kitunga mgongoni, kamba yake imekaza kwenye paji la uso. Alimtambua mara moja. Alikuwa mama wa sura ya tano ya kitabu alichokitoa karibuni, ile aliyoikata ili kitabu kiwe chepesi kusomwa mashuleni. Akamkaribisha chai na mkate.

"Miye nilishakula," akasema yule mama.

Zagabe akampigia simu Yolande, mwandishi wa kitabu.

"Maman Yolande, mama yako iko huku kwetu."

"Mama yangu alikufa, Papa."

"Najua. Ni ule wa kitabu."

"Basi nakuja."

Hawa wawili walikuwa wameheshimiana mno, na heshima hiyo ndiyo iliyowaponza. Yolande alitia sahihi kurasa za mwisho bila kuzisoma, maana kukagua kazi ya mtu mzima kama Papa Zagabe ni sawa na kuhesabu nyama mbele ya aliyekupikia. Zagabe naye hakumwambia kuhusu sura ya tano, maana habari mbaya haisemwi kwenye simu: mtu anakaribishwa, anaketi, anakunywa kitu, ndipo anaambiwa. Na kila alipomwalika, Yolande alijibu, "Fanya venye unaona, Papa." Heshima si utumwa, lakini hii yao iliwafanya mabubu. Kitabu kikatoka, na ndani yake msichana mdogo wa Kamituga, yaani Yolande mwenyewe, anajikulia tu bila mama, kama nyasi za kando ya barabara.

Yolande alifika na bugali na vile visamaki vya sambaza kwenye sahani iliyofunikwa. Mama yake alikuwa kijana kuliko yeye, na sauti ilikuwa ileile. Ila hakuwa na maneno mengine zaidi ya yale ya sura yake. Aliitazama sahani, akaisukuma taratibu kwa mwanawe.

"Kula, mutoto. Miye nilishakula."

"Ni vile alikuwa anasema kila siku," Yolande akamwambia Zagabe.

"Na alikuwa amekula kweli?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza Zagabe kumuuliza kuhusu kitabu chake.

"Hapana, Papa. Hata kidogo." Yolande akalia, na Zagabe akamsogezea kiti.

"Ungeniambia hivi, singekata."

"Na wewe ungeniuliza."

Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna aliyepandisha sauti.

Tangu hapo wakawa wanakutana kila Alhamisi, mama katikati yao, wakiipitia sura mstari kwa mstari, kama walivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Zagabe aliuliza, Yolande alikataa, Zagabe akang'ang'ania, wakacheka. Walipendana kwa kubishana kuliko walivyowahi kupendana kwa kunyamaza.

Siku moja Yolande akaongeza mstari: *Jioni ile mama alikula, akashiba.* Kwenye benchi, mkono wa mama ukanyooka kuelekea sahani. Zagabe akausoma mstari, akavua miwani.

"Ni kweli?"

"Hapana."

"Wewe ndiye mwandishi. Nikate ao niache?"

Yolande aliutazama ule mkono.

"Kata, Papa. Akikula mu kitabu, nani atajua alilala njaa kwa ajili yangu?"

Zagabe akakata. Mkono ukarudi mapajani.

Chapa ya pili, yenye sura ya tano, haijatoka. Ya kwanza bado iko madukani, na watoto wanasoma shuleni habari za msichana aliyejikulia mwenyewe. Wanaofagia ofisi wanamsalimia yule mama, wanafagia kumzunguka. Kila Alhamisi Yolande anakuja na sahani, anafunua, anaiweka mbele yake. Mama anaisukuma.

"Kula, mutoto. Miye nilishakula."

Naye Yolande anakula, anaimaliza yote, kwa sababu mama yake anamwangalia.