Simu Si Ruhusa

Wazazi walimwita Mama Kanuni, lakini mgongoni tu. Mbele yake walimwita Mkuu, wakamwamkia kwa adabu, na mvua inyeshe jua liwake walihakikisha wamefika kabla ya saa kumi na mbili jioni, saa ya kufunga kituo chake cha kulea watoto baada ya shule.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na uwanja wenye bembea moja, nyuma ya shule ya msingi. Watoto walimiminika humo saa tisa, wakanywa maziwa, wakafanya kazi za shule, wakagombania bembea mpaka wazazi watoke kazini. Vyumba viwili tu, lakini kanuni zake zilijaza kurasa kumi na nne. Palikuwa na kanuni ya kunawa mikono, kanuni ya dawa, kanuni ya mtoto anayeuma wenzake, hata kanuni ya meza ifutwe kwa kitambaa cha rangi gani. Zote alizitunga mwenyewe, na ukivunja moja alikusomea kwa kichwa bila kufungua jalada.

Kipenzi chake ilikuwa kanuni ya saba. Mtoto hatakabidhiwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye fomu iliyojazwa kwa mkono wa mzazi. Mchukuaji aje na kitambulisho. Simu si ruhusa. Hakuna atakayeachiwa, awe baba, awe babu, awe mfanyakazi wa kituo.

Usidhani aliitunga kwa roho mbaya. Mwaka wa kwanza alikuja mjomba mmoja mcheshi, akasema ametumwa, akapewa mtoto. Nusu saa baadaye mama wa mtoto akaja, akaambiwa mwanawe ameshachukuliwa, akaanguka pale pale kizingitini. Mtoto alipatikana salama kwa mjomba huyo huyo, anatazama katuni, lakini Mama Kanuni hakusahau jinsi yule mama alivyoanguka. Tangu siku hiyo alitia pamba masikioni.

Kwa hiyo babu mmoja alipokuja mwaka jana kumchukua mjukuu wake, na jina lake halimo, aliwekwa kwenye benchi nje ya geti saa nzima, mjukuu akimpungia mkono dirishani.

"Mwalimu, huyu mtoto nimemfundisha kutembea mimi," mzee alisema.

"Sikatai, mzee wangu. Lakini humu jina lako halimo."

Mzee hakuonekana tena pale. Mama Kanuni alikisimulia kisa hicho kwa kila msaidizi mpya, na alikisimulia kwa fahari, nalo ni jambo ambalo mimi ningeona haya kulisimulia.

Miongoni mwa watoto wa kituo alikuwamo mjukuu wake mwenyewe, Kibogoyo, aliyepewa jina hilo siku meno mawili ya mbele yalipong'oka kwa mpigo. Alikuwa mtoto wa binti yake wa pekee, nesi katika hospitali, ambaye zamu yake iliisha saa moja. Kila jioni, geti likishafungwa, bibi alibeba mkoba wa shule, akamshika Kibogoyo mkono, wakaenda zao hadi nyumbani kwa binti. Ilikuwa safari ya robo saa. Walihesabu paka. Walisimama mbele ya duka la vioo Kibogoyo akague kama jino limechomoza. Mama Kanuni alikuwa mjane, na nyumbani kwake hapakuwa na wa kumwuliza umeshindaje. Robo saa hiyo ndiyo aliyoiamkia asubuhi, ingawa hilo hakumwambia mtu, na binti yake hakumwambia kabisa.

Mambo yaliharibika muhula uliopita, na yaliharibika kwa kanuni ya tano: mtoto akipatwa na homa, mzazi aje ndani ya saa moja. Kibogoyo alichemka saa tisa na nusu. Nesi alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji, simu ikiwa kabatini. Alifika saa kumi na mbili kasoro, viatu vya kazini mguuni, anahema. Bibi alikuwa amempangusa mtoto kwa maji, amempakata muda wote huo, na homa ilikuwa imeanza kushuka. Angeweza kusema hivyo. Badala yake alimpa binti yake barua ya onyo mlangoni, mbele ya wazazi wanne, asije mtu akasema anapendelea wake.

Nesi aliisoma yote, mpaka kwenye mhuri.

"Mama, si ungeniambia tu nyumbani?"

"Hapa mimi si mama yako. Hapa mimi ni Mkuu."

Binti aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema ahsante. Hawakugombana. Kwa muda wote uliobaki wa muhula waliamkiana, wakaulizana habari, na Mama Kanuni akajipa moyo kwamba yamekwisha.

Sasa, fomu hufa kila mwaka. Muhula mpya ukianza, orodha za zamani huchanwa na wazazi huandika upya. Fomu ya Kibogoyo, kusema kweli, miaka yote aliijaza bibi mtu mwenyewe, binti akatia sahihi bila hata kusoma. Mwaka huu, baada ya ile barua, Mama Kanuni aliogopa kusemwa. Akampa binti yake karatasi tupu kama wazazi wengine, na iliporudi ndani ya bahasha akaipitisha moja kwa moja kwa msaidizi ili iwekwe kwenye jalada. Fomu za wenzake alizikagua mstari kwa mstari. Hiyo hakuifungua. Nani hukagua fomu ya mwanawe?

Jumatatu ya kwanza, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, walibaki watoto watatu. Mama Kanuni alishusha mkoba wa Kibogoyo kutoka kwenye msumari.

"Haya, Kibogoyo wangu, vaa viatu. Paka wanatungoja."

Msaidizi wake, msichana mpole aliyefunzwa vizuri mno, alikuwa amesimama mlangoni na jalada mkononi. Alikohoa.

"Mkuu, samahani. Jina lako sijaliona."

"Hujaliona wapi?"

Msichana akamgeuzia jalada. Mchukuaji wa kwanza: mama mzazi. Mchukuaji wa pili: jirani, fundi cherehani, na namba ya kitambulisho imeandikwa vizuri. Mstari wa tatu ulikuwa umepigwa mstari mwingine juu yake, umenyooka, kwa rula. Mtu aliyesahau hatumii rula.

Mama Kanuni alisoma mara mbili. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwandiko ulikuwa mzuri, ule ule aliomfundisha binti yake kwenye meza ya jikoni.

Msaidizi alifunga jalada taratibu. "Mkuu, mimi niko jikoni nasuuza vikombe," alisema kwa sauti ndogo. "Sijaona kitu."

Mlango ulikuwa wazi. Kibogoyo ameshavaa viatu. Lakini wazazi wawili walikuwa wameingia uwanjani, na nyuma yao fundi cherehani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, kitambulisho mkononi.

"Shikamoo, mama," fundi alisema. Macho yake hayakutulia. "Nimeambiwa nije. Mimi... mimi nilidhani unajua."

"Marahaba. Ngoja kidogo."

Akampigia binti yake simu papo hapo, mlangoni. 

"Umenifuta," alisema.

"Sijakufuta, mama. Sijakuandika." Nesi alikuwa mahali penye mwangwi, labda kwenye ngazi. "Fomu inataka watu wa karibu na mtoto. Wewe hapo si mama yangu. Ulisema mwenyewe, na watu walisikia."

"Nilisema kwa sababu ya kazi."

"Najua. Siku ile nami nilikuwa kazini. Nilikuwa nimemshikilia mtu tumbo wazi, mama, na sikuweza kumwacha. Hukuniuliza nilikuwa wapi. Mpaka leo hujaniuliza."

 Neno la kuomba radhi lilikuwepo, fupi, mtoto wa miaka sita hulisema mara kumi kwa siku. Mama Kanuni hakulitoa.

Upande wa pili nesi alivuta pumzi ndefu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imelegea.

"Haya, yaishe. Mchukue leo. Mwambie fundi nimesema. Kesho nitapita niandike jina lako."

Ndiyo hiyo. Alikuwa amepewa. Alichotakiwa ni kumshika mtoto mkono na kutoka. Lakini wale wazazi wawili walikuwa wanasikiliza, na mmoja wao, jamani, alikuwa mama wa yule mtoto ambaye babu yake aliwekwa kwenye benchi. Alikuwa anamtazama Mama Kanuni bila chuki wala huruma, kama mtu anayengoja kuona tu.

Na Mama Kanuni, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote, akajisikia anasema:

"Simu si ruhusa."

 Kisha nesi akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Sawa, Mkuu," alisema, akakata.

Mkoba ukatoka bega la bibi ukaenda bega la fundi. Fundi alitia sahihi. Mama Kanuni alikagua kitambulisho chake mbele na nyuma, ingawa amemjua mwanamke huyo miaka minane na gauni alilovaa alishonewa naye.

"Bibi, wewe huji?" Kibogoyo aliuliza.

"Leo unakwenda na fundi."

"Kwa nini? Umefanya kosa?"

"Nenda, mwanangu."

Alifunga madirisha, akafuta meza kwa kitambaa cha kijani, akaagana na msaidizi wake, akafunga geti. Hakuwa na njia nyingine ya kurudi kwake ila ile ile. Alipokata kona aliwaona mbele yake, hatua hamsini hivi, maana mtoto alikuwa amesimama mbele ya duka la vioo anapanua mdomo. Fundi aligeuka, akamwona, akapunguza mwendo makusudi. Mtu mwema yule.

Mama Kanuni naye akapunguza mwendo. Kanuni ya tisa: mtoto akishakabidhiwa, mfanyakazi wa kituo haingilii.

"Bibi!" Kibogoyo aliita, anaruka ruka, kidole kikionyesha ukutani. "Paka wa kwanza yule pale!"

Mama Kanuni aliinama katikati ya njia, akajitia anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Alibaki ameinama hivyo hivyo, anasikia mtoto anahesabu peke yake, wa pili, wa tatu, mpaka sauti ikapotea.