Udongo Unaotoka Kwenye Feni

Jumamosi mchana, juu ya meza ya kulia chakula mtaani Saio, Dorcas alikaza skrubu ya mwisho ya kompyuta yake ya michezo. Kasha lilikuwa kuukuu, na ubavu wake aliuziba kwa kioo cha dirisha. Kichakataji kilikuwa cha kiwango cha kati, cha kutosha tu. Pesa nyingi, zile za zamu ya mama yake katika likelemba, mchango wa kupokezana wa wanawake, zilikwenda kwenye kadi ya picha, kwa kuwa kadi dhaifu ingemwaibisha mbele ya wateja. Alitaka kufungua chumba cha michezo, vijana walipie mechi.

Baba yake mdogo, Isidore, aliingia bila kubisha. Alikuwa na shimo la dhahabu kule Nizi, na wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Tangu mvua zilizopita alikuwa akieleza watu kwamba Yves, kaka yake Dorcas, alitoka shimoni na dhahabu mfukoni, akakimbilia Uganda. Kanisani walikwisha kuliondoa jina la Yves katika kwaya.

Isidore aliizunguka meza, akauliza pesa za kitu hiki zilitoka wapi. Mama Angèle, mama yao Dorcas na Yves, akamtajia wanawake wote wa likelemba. Isidore alisikiliza huku akitazama pembeni.

"Yves anawatumia," alisema. "Likelemba hainunue kitu ya kuwaka hivi."

Ndipo alipoona meno ya dhahabu kwenye ukingo wa kadi. Akamwamuru Dorcas aitoe, akachomoa mfukoni chupa ya asidi anayopimia dhahabu. Dorcas alimwambia kwamba ile ni ngozi nyembamba tu ya kupitisha umeme, na asidi itaichoma. Isidore akadondosha tone. Povu la kijani, dalili ya shaba, halikutoka.

"Ya Nizi," alisema. "Mimi naijua."

Dorcas aliifuta kadi, akairudisha, akabonyeza kitufe ili aone kama imeharibika. Feni zilizunguka. Skrini ikaonyesha shimo, na ndani yake Yves, ameketi juu ya gunia, tochi kichwani, maji yakimfika kiunoni. Picha ilikuwa safi, haikukwamakwama. Feni ya nyuma ikaanza kutema udongo mwekundu juu ya kitambaa cha meza. Mama Angèle akaleta beseni.

"Baba mudogo," Yves alisema, "ulivuta kamba mimi ningali chini."

"Maji ilikuwa inapanda," Isidore alijibu. "Na ile kamba ilikuwa mupya."

Mama Angèle akamuuliza mwanawe kama amekula. Yves akasema huko hawasikii njaa. Mama Angèle akamtaka shemeji yake akayaseme hayo kanisani. Isidore akajibu kwamba picha za mashine si ushahidi, siku hizi kila kijana anazitengeneza. Kisha akamuuliza Yves kama mshipa wa dhahabu bado unaendelea upande wa kilima. Yves akasema unaendelea.

Dorcas aliibeba mashine kwa pikipiki hadi kwa mchungaji. Mchungaji alimsikiliza Yves hadi mwisho, akaisifu sauti, akakumbusha kwamba mabati ya kanisa yalitoka kwa PDG.

Basi chumba cha michezo kikafunguliwa. Vijana wanacheza mpira, na Yves anachimba kwenye pembe ya skrini.

"Grand Yves, toka kidogo mu goli," wanamwambia, kama kaka yao mkubwa, naye anasogea.

Wengine, wakiondoka, hujipapasa mifuko, kwa kuwa wamesikia kwamba ni mwizi.

Udongo hujaza beseni. Mama Angèle huuosha kwenye karai nyuma ya nyumba, na chini hubaki unga wa dhahabu. Jioni Isidore huja kuuchukua, maana shimo ni lake. Huupima kwenye mizani yake ndogo, kijiti cha kiberiti kikiwa uzani upande wa pili, na kila mara huuona mwepesi.

Jana aliupima, akainamia skrini.

"Ni yote?"

"Ni yote, baba mudogo."

"Geuza mifuko."

Yves akasimama, akaivuta mifuko ya suruali nje. Yalitoka maji tu. Isidore aliitazama kwa muda, kwanza mmoja, kisha wa pili, na hakumsadiki.